Chini ya Kibaraza cha Mama Ghati

Mguu wa Modestus ulizama kwenye kibaraza cha mama Ghati wakati wa chakula cha mchana, na sahani yake ya ugali haikumwagika. Hilo la sahani lazima niliseme kwanza, maana Modestus mwenyewe, dereva wa watalii mwenye kitambi cha kujitosheleza, analisimulia kila anapofika, na ukiliruka ananuna. Mbao ilipasuka, mguu ukaingia hadi gotini, naye akabaki amekaa sakafuni, sahani ameiinua juu, akiuliza kama kuna mtu wa kumwongezea mchuzi.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni nesi wa zahanati iliyo jirani na pale, huku karibu na geti la Ikoma la hifadhi ya Serengeti, na ndimi niliyechomoa vibanzi kwenye goti lake huku akipiga kelele kuliko mama anayejifungua. Nilimwambia anyamaze au nimwache navyo. Hivyo ndivyo nilivyo. Naitwa Eugenia, kwetu ni Mbinga, serikali ilinileta huku, na tangu nifike nimeambiwa mara nyingi kwamba nina ulimi mwepesi. Wanaoniambia ni Wakurya, watu wasiozunguka maneno, kwa hiyo mjue hali yangu ni mbaya.

Mtu mwingine ambaye hakucheka ni mama Ghati. Alisimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, akilitazama lile tundu.

Mama Ghati, na Ghati ni jina lake mwenyewe, alizaliwa Itiryo, kule Tarime, kwenye boma la ng'ombe wengi na mabinti wengi. Akaolewa na Wangwe, kijana aliyekuwa anachekwa na ndugu zake kwa sababu alipenda randa na msumeno kuliko ng'ombe. Kambi za watalii zilipoanza kutafuta maseremala, Wangwe alimchukua mkewe wakahamia huku Ikoma. Kwa miaka mingi akawajengea wageni vibaraza vya mbao vya kukalia na kutazama nyumbu wakipita, halafu jioni anarudi nyumbani, yeye na mkewe wanakanyaga tope. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbugani, ukinyeshewa unakuvua kiatu.

Basi kambi moja ikafungwa, na wafanyakazi wakaambiwa wachukue wanachotaka. Wenzake walichukua magodoro na masufuria. Wangwe akachukua mbao. Akamjengea mkewe kibaraza mbele ya nyumba, pale mteremko unapoanza, kwa mbele kimeinuka kiasi cha mtu mzima kukaa chini yake bila kugonga kichwa, kwa nyuma kimeshikana na ukuta. Juu akakiezeka kwa bati lile lile la nyumba. Alipomaliza akamwambia, "Na wewe sasa ukae juu kama mzungu." Mama Ghati huwa anacheka akifika hapo.

Hakukaa sana kama mzungu. Alianza kuuza chai, ikafuata maandazi, ikafuata ugali na nyama, na madereva, askari wa hifadhi na sisi watumishi tukawa hatuli kwingine. Kibaraza hicho ndicho kilichomsomesha Sylvester, ambaye siku hizi ana duka Sirari, mpakani na Kenya, na Lilian, aliyeolewa Busawe. Wangwe alipostaafu alikuwa anakaa kwenye kona ya mbele, inayotazama bondeni, na kazi yake kubwa ilikuwa kulalamika juu ya vumbi. Alipofariki, mama Ghati hakukiondoa kiti chake. Kila asubuhi nikipita kwenda kazini namkuta anapiga deki. Anaanzia kwenye ile kona. Ndoo nzima ya maji na sabuni inamwagwa pale, anasugua mpaka mbao zinang'aa, ndipo anakwenda kuwasha moto.

Baada ya Modestus kuzama, alikuja fundi mmoja wa huko senta. Alikanyaga kwa kisigino hapa na pale, akachomeka msumari kwenye ile kona, msumari ukaingia wote kama kwenye keki. Akafuta mikono.

"Hii imekwisha, mama. Ng'oa yote, mwaga zege."

Nami nilikuwa upande wa zege, siwezi kuficha. Zege linaoshwa, halina vibanzi, halinipi kazi. Sylvester naye alipopigiwa simu hakusita hata kidogo. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye meza yangu.

"Mum, hiyo kitu imezeeka. Jumamosi nakuja na lori ya simiti na vijana wa kazi, tunaangusha yote siku moja. Usijali."

Mama Ghati alikata simu, akaja akakaa mbele yangu, jambo ambalo halifanyi wakati wa wateja.

"Eugenia mwanangu," alisema, "Wangwe nimeshamzika mara moja. Wakikivunja hiki nitakuwa namzika tena."

"Lakini mama, mtu atavunjika mguu hapa."

"Hilo nalo najua. Sitaki mtoto wa mtu aumie kwangu kwa ajili ya machozi yangu. Kama kimeoza chote, basi, kivunjwe. Ila nataka aniambie mtu anayejua, tena asiyetaka kuniuzia kitu."

"Si umwite Kisyeri?"

Alinitazama kama nimemtukana mbele ya mchungaji.

Kisyeri ni mume wa Lilian, na ni seremala; kazi yenyewe alijifunza kwa Wangwe kabla hajamchumbia binti. Shida ni moja tu, kwamba ni mkwe. Kwa hao Wakurya wa kwao mama Ghati, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, na mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe. Kisyeri akija anasimama nje ya ua wa mkonge, anakohoa. Mama Ghati anajitupia kanga kichwani na kukimbilia jikoni. Salamu zinapelekwa na mtu mwingine. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani hawa watu wamegombana vibaya, nikamshika mama Ghati mkono na kumsihi amsamehe kijana wa watu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Nimsamehe nini? Yule ni mkwe mzuri, ndiyo maana tunakimbiana."

Sasa nikamwambia kwamba kibaraza si nyumba. Kibaraza ni mahali pa biashara, hata bodaboda wanapanda na matope yao.

"Bodaboda hajaoa kwangu," alijibu.

"Lakini hakuna hata mlango!"

"Paa ni la nani? Si ni lile lile ninalolala chini yake?"

Nilikasirika, nikalipa chai yangu na kuondoka. Ilikuwa Jumatano, na mtu anayeweza kumsaidia yuko Busawe, ana pikipiki, ana nyundo, na kinachomzuia ni bati. Niliwaza hivyo njia nzima, nikaongea peke yangu kama chizi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anawatupia kuku pumba. Kuku wake wanalala na kutaga chini ya kibaraza, na walikuwa wanatoka huko mmoja mmoja wakijikung'uta. Mama Ghati aliwatazama, mkono wenye pumba ukabaki hewani.

"Eugenia. Huku juu ni kwangu, au siyo?"

"Ndiyo umeng'ang'ania hivyo."

"Na huko chini ni kwa nani?"

"Ni kwa kuku," nilisema.

"Mpigie Lilian. Mwambie mume wake aje kwa kuku."

Kisyeri alifika mchana huo huo, mtu mrefu mwembamba mwenye kofia, akaegesha pikipiki nje ya ua na kukohoa. Mama Ghati alikuwa ameshakwenda nyuma ya jiko, ametupa mgongo, kanga kichwani. Ikabidi mimi niwe simu.

"Sista, mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," mama Ghati alisema nyuma ya jiko.

"Anasema marahaba."

"Nimesikia, sista. Mwambie watoto wanamsalimia."

"Mwambie nimeshukuru."

"Sasa kama mnasikiana," nilisema, "mimi mnanisimamisha juani kwa kazi gani?"

Kisyeri aliinama akaingia chini ya kibaraza, na kuku walitoka wakilalamika. Nilichuchumaa nimwone. Alikuwa anagonga kila boriti kwa mpini wa nyundo na kutega sikio, kisha anasogea nyingine. Mwanga ulipenya kwenye nafasi za mbao na kumchora mistari mgongoni. Aliniita nisogee. Akanionyesha nguzo, nyeusi tii kwa oili chafu aliyoipaka Wangwe, na chini ya kila nguzo udongo umechimbwachimbwa na kuku, hata njia moja ya mchwa hakuna.

"Mzee alizipaka, na kuku wamemlindia," alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Sista, hizi nguzo na hizi boriti zitanizika mimi. Fundi aliyekuja alitazama juu tu, na huku ndiko kibaraza kilipo."

Nilitaka kumpigia mama Ghati kelele za shangwe, lakini Kisyeri alikuwa ameshafika kwenye kona ya mbele, na nyundo ameiweka chini. Alibandika kiganja chini ya mbao. Kilitoka kimelowa.

"Hapa pana maji."

"Mvua?"

"Mvua ya lini? Na bati ni zima. Haya yanatoka juu." Alinitazama, kisha akatazama kando. "Na pale aliposimama yule dereva, ni pale maji yanapotiririkia. Yote ni hayo."

Nikaelewa. Ile ndoo ya kila asubuhi. Maji yalikuwa yanashuka kwenye nafasi za mbao, yanakaa huko chini ambako jua halifiki, na kesho yanaongezwa mengine.

"Siwezi kumwambia mama kitu kama hicho," Kisyeri alinong'ona. "Mkwe hamkosoi mama mkwe. Mwambie wewe."

Nilikwenda nyuma ya jiko na ulimi wangu mwepesi, nikitafuta pa kuanzia. Mama Ghati alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Usihangaike," alisema. "Nimesikia."

Alitazama ndoo ya deki iliyoegemea ukuta wa jiko.

"Alikuwa hapendi vumbi kabisa. Nikajisemea, nitamwoshea kona yake, asikute uchafu. Kila siku namwoshea. Kumbe naiozesha mwenyewe."

Akalia. Mimi nimeona watu wengi wakilia, ni kazi yangu, lakini huyu sikumwambia anyamaze. Nilikaa tu kwenye rundo la kuni kando yake.

Chini ya kibaraza Kisyeri alikohoa. Kisha akaongea kwa sauti kubwa mno kwa mtu anayeongea na mimi.

"Sista! Mwambie mama mbao zilizooza ni hizo za kona na zile za dereva tu. Boriti hazina habari. Mwambie mbao ni kama soli, ikiisha unabandika nyingine. Na mwambie mzee alikuwa anajua zitaisha, ndiyo maana kila moja ameiweka peke yake, itoke bila kusumbua jirani yake."

Mama Ghati alifuta uso kwa pindo la kanga.

"Mwambie atengeneze," alisema.

Jumamosi Kisyeri alifika asubuhi na mbao kutoka Busawe, amezifunga kwenye pikipiki, amezipaka mafuta tayari. Za zamani zilizooza alizigonga kutoka chini, zikatoka bila ubishi. Shida ikaja kwenye kupiga mpya. Seremala wa kawaida anasimama juu na kupigilia misumari. Huyu wetu hawezi kupanda. Alisema atazifunga kutoka chini kwa vyuma na skrubu, ila lazima mtu akae juu aikandamize mbao isiinuke.

Modestus, aliyekuwa anakunywa chai, alisimama papo hapo. Siku hiyo alifurahi kweli kuona uzito wake unatafutwa.

"Mura, leo mmepata mtu," alisema, akimwita Kisyeri kijana kwa Kikurya.

"Kaa chini unywe chai," mama Ghati alimwambia. Alikuwa jikoni, kanga kichwani. "Hiyo ni kona ya Wangwe. Nitaikalia mimi."

Ikabidi nimkumbushe kitu. Nilimwambia mbao zina nafasi, mkwe yuko chini amelala chali, na yeye amevaa sketi. Huko chini Kisyeri alivuta kofia yake mpaka puani, nililiona hilo kwa macho yangu. Mama Ghati aliingia ndani, akatoka na ngozi ya ng'ombe, kavu, imelainika kwa kukaliwa, aliyokuja nayo kutoka Itiryo alipoolewa. Akaitandika juu ya mbao mpya na kando zake zote. Akakaa, akanyoosha miguu, uso ukitazama bondeni.

"Mwambie aanze," alisema.

"Mwambie mama asogee kulia kidogo," ilisema sauti ya chini.

"Mwambie nimesogea."

"Mwambie akandamize."

"Mwambie nakandamiza, mimi si mwepesi."

Niliwavumilia kwa mbao ya kwanza. Kwenye ya pili nikawaambia koo limekauka, nikaenda kumimina chai. Ikawa skrubu tu ndiyo inasikika. Halafu mama Ghati akaipiga ile ngozi kwa kiganja, taratibu.

"We mbao," alisema. "Wajukuu zangu hawajambo?"

Bisibisi ilisimama. Modestus aliteremsha kikombe.

"Mbao inasema hawajambo," Kisyeri alijibu huko chini. "Mdogo ameota meno."

"Na mgongo wa Lilian?"

"Mbao inasema umepona. Sasa anabeba maji, hasikii la mtu."

"Hilo ni la baba yake," mama Ghati alisema, akacheka. Huko chini nako kukacheka.

Walikuwa wamefika kwenye habari za mahindi ya Busawe Sylvester alipoingia uwani na lori lake la saruji. Alimkuta mama yake ameketi juu ya ngozi, anaiuliza sakafu kama kware wanasumbua shambani. Alinivuta pembeni.

"Sista, mum ako sawa kweli? Anaongea na floo."

"Yuko sawa."

"Karibu, shemeji!" sakafu ilisema.

Sylvester aliruka. Sitanii, mtu mzima mwenye duka aliruka kwa miguu yote miwili, akatua kwenye mbao mpya ya pale alipozama Modestus. Ile mbao haikutoa hata mlio. Mama yake alimtazama kuanzia viatu.

"Umeona? Inakubeba," alisema. "Sasa shuka ukaangalie kazi ya baba yako, halafu ndiyo uongee habari za kuangusha."

Alishuka, na suruali yake nzuri. Alikaa huko na shemeji yake muda mrefu kuliko nilivyotegemea, tukisikia wanagonga boriti na kunong'ona. Alipotoka alikuwa na manyoya ya kuku kichwani na macho mekundu.

"Mum, sikuwa najua," alisema. "Sijawahi kuingia huko chini hata siku moja." Kisha akageuka kulitazama lori. "Na simiti je?"

"Choo cha wateja kina nyufa. Anza nacho."

Ikabaki mbao moja, ile inayokaliwa na kiti cha Wangwe. Mama Ghati alisogeza ngozi, akaketi juu yake kwa uzito wote. Skrubu zilizunguka, ya mwisho ikalia kidogo, ikakaza. Nadhani Kisyeri alichoka, au alisahau. Hakuniita mimi, wala hakuitaja mbao.

"Mama," aliuliza, "imekaa?"

Mama Ghati aliweka viganja vyote viwili juu ya ngozi. Nilimwona anavuta pumzi. Miaka yote ya ndoa ya binti yake hajawahi kumjibu yule kijana neno bila kupitia kwa mtu, au kwa mbao.

"Imekaa, mwanangu," alisema.

Nilitazama bondeni kwa sababu sikutaka Modestus anione usoni. Yeye naye alikuwa anatazama bondeni.

Siku hizi mama Ghati anafagia kwa ufagio mkavu, na kwenye kona ya Wangwe anapitisha kitambaa kilichokamuliwa. Sylvester alimaliza choo na akarudi Sirari na saruji iliyobaki. Modestus anataka kukaa kwenye mbao yake kila anapokuja, na akimkuta mtu pale anamwondoa.

Na Kisyeri anakuja kila mwezi kukagua nguzo. Anakohoa nje ya ua, anainama, anaingia kwa kuku. Mama Ghati anaacha masufuria yake, anatoa ile ngozi, anaitandika kwenye kona na kuketi. Nguzo zile hazina tatizo lolote, kila mtu anajua, na ukaguzi wake unachukua mchana mzima. Mimi nakunywa chai yangu. Hakuna anayeniambia tena nimwambie mtu kitu.